Difu kutoka Mlali

Shemeji yangu Yotham Ndahani ana imani moja kuhusu vyuma: kitu kikiingia mahali pake na bolti zikakaa, basi ni chake. Kwa imani hiyo amejenga nyumba ya Makole yenye milango iliyotoka kwenye majengo tofauti, na madirisha ambayo hayafanani hata rangi. Kwa imani hiyo hiyo amelea Landrova yake miaka yote. Boneti ni la kijani, milango ni ya bluu, usukani ni wa lori. Ukimwambia gari lake limechanganyika, anakujibu kwamba hata wewe una pua ya baba na masikio ya mama, na hakuna aliyekurudisha dukani.

Zamani alikuwa dereva wa mradi wa maji. Mradi ulipokwisha, wenyewe wakaondoka, Landrova ikabaki juu ya mawe haina hata tairi moja, na Yotham akaichukua badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake. Dada yangu Devota, mkewe, alilia siku ile. Alikuwa akisubiri mabati ya nyumba. Mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, dirisha wazi, akiwapungia mkono watu asiowajua njia nzima ya Bahi.

Devota alitutoka miaka sita iliyopita. Kanga yake bado imetandikwa kwenye kile kiti. Abiria akitaka kukaa mbele, Yotham kwanza anaitandua, anaikunja, anaiweka juu ya dashibodi, ndipo anasema karibu. Sijawahi kumwona akisahau.

Difu ilimsagikia wakati wa mavuno, akitoka Bahi na magunia ya mpunga. Difu ya nyuma, lile bakuli la chuma katikati ya magurudumu ambamo meno hukutana na kugeuza mzunguko wa propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari, uwe mzunguko wa matairi. Mtu akamwelekeza Mlali, ambako gari la shamba lilikuwa limekufa siku nyingi, kuku wakitagia ndani yake. Yotham akawahamisha kuku kwa adabu, akafungua difu yao, akarudi nayo Makole kifua mbele. Ikaingia. Bolti zote zikakaa bila ubishi.

"Umeona, shemeji?" aliniambia, mikono imejaa grisi. "Hizi zilizaliwa tumbo moja, zikapotezana."

Aliyegundua kwamba hazikuzaliwa tumbo moja ni Bashiri, fundi kutoka Kondoa mwenye gereji nyuma ya nyumba yetu. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumpelekea Yotham mboga. Bashiri alisimama karibu na Landrova, akanusa kama mtu aliyeunguza wali.

"Mzee Yotham, katikati hapa panachemka. Unasikia harufu ya oili?"

"Jua la Dodoma hilo."

"Jua linapiga toka chini ya gari?"

Akaingiza jeki, akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, akaanza kuzungusha kwa mkono. Akafanya mbele, akafanya nyuma. Akatoka chini akijifuta, akicheka peke yake.

"Mzee, umemwoza mke wa haraka kwa mume wa polepole."

"Sema Kiswahili, wewe Mrangi."

"Mbele, propela ikizunguka mara saba, gurudumu linazunguka mara mbili. Nyuma, hii ya Mlali, inataka zaidi ya nane kwa kazi hiyo hiyo. Nje zinafanana, ndani meno mbalimbali. Hii ilikuwa ya gari la kuvuta mizigo."

"Lakini gari linatembea."

"Linatembea kwa sababu ya msuluhishi." Bashiri akapiga kwa kidole kile kisanduku cha katikati, chini ya viti. "Gari hili linavuta kwa matairi yote manne muda wote. Kwa hiyo hapa kati kuna difu ndogo, kazi yake kusuluhisha mbele na nyuma. Ukikata kona, wa mbele anataka kwenda zaidi, huyu anamwambia nenda. Kona ikiisha, anapumzika. Sasa wewe umemletea kesi isiyo na mwisho. Hata barabara imenyooka, anasuluhisha. Ndiyo maana anachemka."

"Mpe pole."

"Nitampa. Lakini usiguse mkono wa loki ukiwa kwenye lami. Ukifunga loki, umemziba mdomo msuluhishi, mbele na nyuma wanalazimishwa kwenda sawasawa. Kwenye tope sawa, matairi yanateleza, ile tofauti inapotelea humo. Kwenye lami kavu itapotelea wapi? Vyuma vitajisokota kama shuka linalokamuliwa, mpaka tairi liruke au kitu kikatike."

"Na vikishajisokota?"

"Rudi nyuma kidogo. Vitajilegeza, loki itatoka yenyewe, halafu..."

Lakini hapo muuza kahawa alikuwa amepita akigonganisha vikombe, na Yotham alikuwa amekwisha kumfuata. Nusu ya pili ya maelezo niliisikia mimi, ambaye nilikuwa nikichambua mchicha na sikuona kwamba ingenihusu maishani.

Harusi ya Violeth ilikuwa imekaribia wakati huo. Violeth ni binti wa Tereza, dada yake Yotham, wa kulekule Bahi. Alipokuwa anasoma sekondari mjini, kila kufunga na kufungua shule alisafiri ndani ya Landrova ile, amebanwa kati ya mjomba wake na Devota, akila karanga kwenye mapaja ya dada yangu. Tereza alipotangaza kwamba ametafuta gari dogo jeupe la kumpeleka bibi harusi kanisani, Violeth akasema haliingii yeye.

"Nakwenda na gari la mjomba."

"Lile zulia la viraka?" Tereza akashika kiuno. "Mwanangu, utafika kanisani unanuka dizeli. Mchungaji atakubatiza upya."

"Mama, ama lile ama natembea."

Tereza akamgeukia kaka yake. Tulikuwa uani kwa Yotham, wazee wa pande zote mbili wameketi, mahari imekwisha malizika, na Yotham kama mjomba alikuwa amekwisha pokea ng'ombe wake. Hapo ndipo penye uzito. Kwa Wagogo, mjomba aliyekula ng'ombe wa mpwa wake akisema neno mbele ya wakwe, neno hilo halirudi mfukoni.

"Kaka, sikia. Likimkwamisha mwanangu asifike kwa wakati, Jumatatu naita watu wa chuma chakavu."

"Waite."

"Watalikata vipande palepale uani."

"Nitawashikia tochi."

Wazee wakacheka, wakapiga makofi, wakasema wamesikia. Yotham naye akacheka. Lakini nilimwona jioni ile amekaa ndani ya Landrova peke yake, mlango wazi, akinyoosha pindo la kanga ambalo halikuwa limekunjamana.

Jumamosi ya harusi kulikucha kweupe baada ya mvua kubwa ya usiku, jua likawaka mapema na lami ikakauka. Landrova ilikuwa imeoshwa mpaka viraka vyake vikang'aa kila kimoja kwa rangi yake, riboni imefungwa kwenye boneti, maua ya plastiki kwenye kioo. Violeth akatoka nyumbani kwa mjomba wake na shela lake, akafungua mlango wa mbele. Yotham akanyoosha mkono kuitandua kanga.

"Iache, mjomba," Violeth akasema. "Nakaa na mkaza mjomba."

Akaketi juu yake na gauni lake jeupe lote. Yotham akajifanya anatafuta kitu chini ya usukani. Mimi na Tereza tukapanda nyuma, Tereza akisema anataka kuona kwa macho yake gari likifa.

Mchungaji alikuwa na ndoa tatu asubuhi ile. Sisi tulikuwa wa pili, na alikwisha sema: atakayechelewa atangoja wenzake wote wamalize. Tulikuwa na muda wa kutosha. Tulikuwa nao mpaka tulipofika barabara kuu tukakuta imefungwa kwa ajili ya msafara wa viongozi. Mtu wa Dodoma anajua maana yake. Unazima gari, unapiga miayo, unahesabu ving'ora.

Tereza hakuhesabu. "Jumatatu," akasema taratibu nyuma ya kichogo cha kaka yake. "Jumatatu asubuhi."

Yotham akakata usukani kushoto, tukaingia njia ya vumbi iliyokuwa njia ya tope siku ile, inayoshuka korongoni na kutokea upande wa kanisa. Bodaboda mmoja alikuwa amekwama katikati, amevua viatu, ametulia kama mvuvi. Yotham akavuta mkono wa loki. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi. Landrova ikapiga mbizi, ikakoroga, ikajifuta, ikapanda ng'ambo ya pili ikinguruma, na sisi nyuma tukashangilia, hata Tereza, ingawa aligeuza ile kelele kikohozi.

Tukatokea kwenye lami. Yotham akarudisha mkono wa loki. Mkono ukarudi. Taa ya chungwa haikuzima.

"Mjomba, taa," Violeth akasema.

"Itazima. Inaona haya."

Tukafika mbele ya geti la kanisa. Ndoa ya kwanza ilikuwa bado ndani. Pikapu ya matarumbeta ilikuwa inatungoja pale, vijana wamejipanga nyuma na mangoma yao, na magari ya ndugu yamejaa pembeni.

"Geti hilo," Yotham akasema. "Tuingie, tukae kivulini."

"Kipilefti kwanza," akasema Tereza.

"Dada, tumefika."

"Mwanangu haingii kanisani kimyakimya kama mtu anayekwenda kupima malaria. Kipilefti, matarumbeta, raundi tatu, watu waone. Hapo ni pua na mdomo!"

Ni kweli kipilefti kilikuwa mbele kidogo tu, kinaonekana. Na ni kweli kwamba harusi isiyozunguka kipilefti mjini kwetu ni kikao. Pikapu ikatangulia, tarumbeta zikalia, magari ya ndugu yakatufuata kwa honi, na Landrova ikaanza kucheza.

Sina neno jingine. Kwanza ilijikaza, kama mtu anayezuia chafya. Halafu tairi moja likaruka, *kwi!*, na gari zima likadunda. Ikatembea hatua chache, ikajikaza, ikadunda. Maua ya plastiki yakaruka. Shela la Violeth likaruka. Mimi na Tereza tukaruka pamoja, tukatua pamoja.

"Kaka, ni nini hiki?"

"Barabara mbovu."

"Hii lami mpya!"

"Ndiyo mbovu zenyewe."

Watu pembeni ya barabara walikuwa wamesimama. Mama mmoja mwenye beseni la zabibu akapiga kigelegele. "Jamani, dereva anaichezesha!" Wakaanza kupiga makofi. Wapiga ngoma juu ya pikapu walitutazama, wakatazamana, na yule wa ngoma kubwa akaacha wimbo wake akaanza kufuata Landrova. Tukijikaza, anangoja. Tukidunda, anapiga. Baada ya midundo kama saba hivi nilishindwa kujua nani anamfuata nani. Yotham alikuwa akitoka jasho mpaka kwenye kola, lakini alisikia zile shangwe, na namjua: akatoa mkono dirishani, akapunga.

Violeth alikuwa akicheka kwa sauti ya dada yangu. Sikujua kama binti huyo alikuwa na kicheko kile. Nami nikaanza, na nilipoanza nikashindwa kuacha, nikajishika kwenye kiti cha mbele, machozi yananitiririka, wanja wangu wote umekwenda, nikadunda na kucheka na kudunda.

Tuliingia kipilefti. Kuzunguka kulizidisha ule msokoto, na midundo ikawa ya karibu karibu, *kwi, kwi, kwi*. Tulimaliza raundi moja hivyohivyo. Mwanzoni mwa ya pili, palepale ilipoingilia ile barabara yetu ya kanisa, Landrova ikajikaza mara ya mwisho, ikatoa sauti ya kitanda cha chuma, ikasimama. Yotham akakanyaga mafuta. Injini ikalia, ikazima.

Tarumbeta zikanyamaza moja moja.

"Jumatatu," Tereza akasema. Lakini sauti haikuwa ya utani tena. Kule kanisani milango ilikuwa imefunguliwa na maharusi wa kwanza walikuwa wanatoka. Zamu yetu ilikuwa imefika, na sisi tulikuwa katikati ya kipilefti tunatazama upande mwingine.

Yotham alishika usukani kwa mikono miwili. Akatazama kanga ambayo pindo lake lilitokeza chini ya gauni jeupe. Midomo yake ilikuwa inasema kitu polepole, kama mtoto anayekumbuka alichotumwa dukani.

"Rudi nyuma," akasema. "Bashiri alisema rudi nyuma."

Trafiki alikuwa amekwisha fika dirishani, mwanamama mwenye sare nyeupe na filimbi. "Shikamoo, mzee. Hapa si pa kuegesha."

"Marahaba, mwanangu. Siegeshi. Napeleka bibi harusi kanisani."

"Kanisa liko nyuma yako."

"Ndiyo nalifuata."

Trafiki akamtazama, akamtazama Violeth, akatutazama sisi wawili huko nyuma, mmoja analia kwa kicheko na mwingine analia kweli. Akapuliza filimbi, akainua mkono, akasimamisha Dodoma yote iliyokuwa inakuja.

Yotham akawasha, akatia rivasi, akaachia klachi kama anaweka mtoto aliyelala. Landrova ikarudi hatua mbili tatu. Chini ya miguu yetu kitu kikasema *klo!* kama kizibo, na gari likawa jepesi. Taa ya chungwa ikazima.

"Mjomba, taa imezima!"

"Usiitazame, itawaka!"

Hapo ndipo nilipokumbuka ile nusu ya pili. "Shemeji," nikasema, "Bashiri alisema ukisharudi kidogo, unaendelea na safari mbele. Imeshafunguka. Geuza sasa."

"Shemeji, wewe unafundisha chuo?"

"Ndiyo."

"Basi fundisha chuo. Hii imekubali nyuma, tunakwenda nyuma."

Na tukaenda nyuma. Magari ya ndugu, yakituona tunayajia, yakaanza nayo kurudi rivasi, moja baada ya jingine, honi juu. Pikapu ya matarumbeta ikamaliza kuzunguka, ikakuta harusi inaikimbia, ikatufuata uso kwa uso, wapiga tarumbeta wakimpigia Violeth puani kabisa, naye amesimamisha mikono juu anacheza kwenye kiti. Trafiki alitembea kando yetu akipuliza filimbi kwa mdundo. Watu wakasema ni staili mpya. Kijana mmoja alikuwa akirekodi kwa simu huku akipiga kelele, "Wagogo wametuweza leo!" Tukapita geti la kanisa kwa matako ya gari, Yotham ametoa kichwa chote dirishani, na tukasimama mbele ya mlango. Mzee wa kanisa akatazama saa yake, akatazama namba ya gari ya nyuma, ambayo ndiyo iliyokuwa imemfikia kwanza.

"Ndoa ya pili," akasema. "Karibuni."

Jioni ukumbini, baada ya pilau na keki, wazee walimwita Tereza. Walitaka neno lisikike mwisho wake. Upande wa wakwe kulikuwa na minong'ono: wengine walisema gari lilikwama, walilishuhudia kwa macho, wengine walisema kilichokwama kimekwama, lakini bibi harusi hakukwama. Yotham alisimama mbele ya wote na suti yake ya kahawia, kofia mkononi, na hakutania. Alisema tu kwamba alitoa neno na analingoja.

Tereza akashika kipaza sauti. Akakigonga kwa kidole mara mbili tatu mpaka mtu akadhani kimeharibika.

"Mimi nilisema lisimkwamishe mwanangu asifike kwa wakati," akasema. "Nilikuwa ndani. Amefika kwa wakati. Hatukupatana uso wa gari uelekee wapi."

Ukumbi ulilipuka. Yotham akakaa chini ghafla kama aliyekatwa kamba, akajifunika uso kwa kofia yake. Tereza akaongeza kwamba hata hivyo ana sharti: difu ya Mlali itoke, iingie inayolingana na ya mbele, kwa sababu yeye mgongo wake si wa ngoma.

Bashiri alipata ya kulingana baada ya wiki kadhaa. Alipima kwa chaki kabla ya kuifunga, mara hii Yotham akiwa amechuchumaa pembeni anahesabu naye kwa sauti. Landrova sasa inakwenda kimya. Kisanduku cha kati hakichemki. Nimepanda mara kadhaa, nimekaa nyuma, nimetazama kanga ikiwa imetulia pale mbele, na nakiri kwamba ukimya ule huwa mrefu kidogo.

Jana asubuhi nilikwenda tena na mboga zangu. Nikamkuta Yotham anasukuma toroli kuelekea kwa Bashiri, na ndani ya toroli iko ile difu ya Mlali, imefutwa vumbi, imepakwa oili.

"Unakwenda wapi na hiyo, shemeji?"

"Kuna binti wa Chang'ombe anaolewa mwezi ujao. Anataka lile gari linalocheza."

"Tereza anajua?"

Akatua toroli, akatazama huku na huku.

"Ndiyo maana nimepita njia ya nyuma," akasema.